Muulize Mzee wa Leseni: Ekari arobaini, mwekezaji na maseremala

Anayejibu barua zenu ni afisa biashara mstaafu, aliyefanya kazi kwenye halmashauri mbalimbali nchini. Majina ya waandishi tunayahifadhi.

SWALI

Shikamoo Mzee. Mimi ni diwani, muhula wa kwanza, katika manispaa moja ya huku kanda ya kati. Kwenye kata yangu kuna eneo la halmashauri la ekari kama arobaini. Wamo maseremala, wachomeleaji, gereji chache na mama lishe wao. Wengine wako pale tangu sijazaliwa, lakini karatasi waliyonayo ni risiti za ushuru tu.

Sasa amekuja mwekezaji wa kiwanda cha viti, meza na vyombo vya plastiki. Anasema ataajiri watu 2,000. Anataka eneo hilohilo, tena bure, na barabara ya lami hadi getini, na asitozwe ushuru wa halmashauri kwa miaka kumi. Wenzangu kwenye baraza wameshaanza kupiga makofi. Mafundi nao wananipigia simu usiku. Mji unakua kwa viwanda vikubwa au kwa hawa wadogo? Nikipinga nitaitwa adui wa maendeleo, nikikubali sijui nitapita njia gani kwenda nyumbani.

Diwani kijana

JIBU

Marahaba mwanangu, au niseme Mheshimiwa, maana kwa itifaki ukiingia ukumbini mimi ndiye wa kusimama.

Mimi ni mtu wa Morogoro, na sisi habari ya kubembeleza viwanda vikubwa tuliisoma darasa la kwanza. Katikati ya miaka ya 1970 nchi ilijiwekea mkakati wa viwanda vya msingi, na mji wetu ukachaguliwa uwe mji wa viwanda. Kihonda ikajaa mapaa marefu: turubai, nguo za polista, magunia, ngozi, na kile kilichotajwa kuliko vyote, kiwanda cha viatu. Benki ya Dunia ilikopesha. Kilipangwa kitoe jozi milioni 4 kwa mwaka, nyingi zikauzwe Ulaya. Mjomba wangu alikuwa akipita pale kila siku akienda kazini, akirudi anasema, "Wazungu wamejenga nyumba ya theluji Morogoro." Alikuwa hatanii: kuta zilikuwa za alumini na jengo halikuwa na mfumo wa kupitisha hewa. Sasa fikiria Kihonda mwezi wa kumi na mbili, saa nane mchana, umesimama mbele ya mashine ya kushona. Wachumi walioandika habari za kiwanda kile wanasema uzalishaji ulibaki chini ya asilimia 5 ya uwezo wake. Mwaka 1990 kikasimama kabisa.

Sababu zilitajwa nyingi: vipuri hakuna, fedha za kigeni hakuna, ngozi haifikii kiwango, menejimenti dhaifu. Zote kweli. Lakini kwa jicho la afisa biashara naona jambo jingine, na ndilo ninalotaka ulibebe kwenye kikao. Mashine zilitoka nje, vipuri vilitoka nje, na mteja aliyepangwa alikuwa Ulaya. Fundi viatu aliyekaa sokoni na kinoo chake hakukiuzia kiwanda hata kisigino kimoja, wala hakununua kwacho hata gundi. Siku geti lilipofungwa, walioumia ni waliokuwa kwenye orodha ya mishahara na familia zao. Mji wetu haukupata kitu cha kurithi, hata kundi la watu wanaojua kutengeneza soli.

Usinielewe vibaya kwamba kiwanda kikubwa ni mkosi. Mkoani kwetu hukohuko, Kilombero, kuna kiwanda cha sukari cha tangu miaka ya 1960 mwanzoni. Kimepita utaifishaji, kimepita ubinafsishaji, kipo. Kinanunua sehemu kubwa ya miwa yake kwa wakulima wa nje, wenye vyama vyao na viongozi wao wa kugombana nao. Kwa nini hakiwakimbii? Muwa ukishakatwa unapoteza utamu saa kwa saa, lazima ufike kwenye kinu haraka. Huwezi kuagiza muwa Brazil ukaja na meli. Kwa hiyo kiwanda kimefungwa mguu kwa udongo wa pale, na udongo wa pale una wenyewe. Ukienda Kidatu utaona trekta za kukodi, mafundi wa trekta, wauza mbolea, wakatamiwa, wenye nyumba za kupangisha wakatamiwa. Hiyo ndiyo hesabu ya kiwanda kikubwa kinachoujenga mji.

Basi mgeukie mgeni wako wa plastiki umuulize swali moja kabla ya ajira: utanunua nini hapa, kwa nani? Mimi nitakusaidia kujibu. Chembechembe za plastiki zitashuka bandari ya Dar es Salaam. Kalibu za viti na mabeseni zitatoka China. Rangi, China. Atanunua umeme, maji, na nguvu ya vijana wako. Mama lishe wawili watatu watasogea getini, jambo jema. Lakini mashine ya kuumba plastiki unaifungua boliti, unaiweka kwenye kontena, na mwezi ujao iko mkoa mwingine ambako diwani mwenzako ameahidi miaka kumi na miwili badala ya kumi. Mwekezaji anayeweza kuhama kwa kontena usimpe ardhi ya bure. Si kwa ubaya. Mpangishe, kwa bei nzuri tu.

Tena angalia anachotengeneza: viti na meza. Hao maseremala anaotaka kuwahamisha ndio anaoshindana nao. Kwa hiyo halmashauri itakuwa imewapa upande mmoja kiwanja, lami na msamaha wa ushuru, na upande wa pili notisi. Hata mpira wa miguu hauchezwi hivyo.

Tuzungumze fedha, maana naona kwenye barua yako hukuzigusa. Misamaha mikubwa ya kodi haiko mikononi mwenu, ni ya serikali kuu. Akisajiliwa kwenye maeneo maalumu ya kuzalisha bidhaa za kuuza nje, sheria ya mwaka 2002 ilishaweka msamaha wa kodi ya mapato wa miaka kumi, na tozo za serikali za mitaa humo zilikuwa zinasamehewa pia. Kinachobaki kwenu ni ushuru wa huduma, ambao kwa miaka mingi ulikuwa asilimia 0.3 ya mauzo. Chukua mfano: akiuza bidhaa za shilingi bilioni 20 kwa mwaka, kwa kiwango hicho mngepata milioni 60. Kwa miaka kumi ni milioni 600, na hapo hujaweka barabara. Mhandisi wenu akupe makisio ya kilomita moja ya lami, halafu uyaweke pembeni mwa milioni 600 hizo. Nakuhakikishia ukumbi utanyamaza.

Halafu hizo ajira 2,000. Muulize ni za moja kwa moja au "zisizo za moja kwa moja". Hilo la pili ni tarakimu ambayo kila mwekezaji huja nayo, na katika utumishi wangu sijaona hata mmoja aliyeulizwa ameipataje. Mkataba utaje waajiriwa wanaochangiwa NSSF kufikia mwezi wa ishirini na nne, basi. Kibarua wa kutwa anayeletwa na wakala hahesabiwi. Akikataa kifungu hicho, umeshapata jibu lako bila ugomvi. Na usidhani ni sisi tu tunaochezewa. Wisconsin, Marekani, mwaka 2017 walitangaziwa na Foxconn, kampuni ya Taiwan ya vifaa vya elektroniki, ajira 13,000, jimbo likaahidi unafuu wa karibu dola bilioni 3, kijiji cha Mount Pleasant kikakopa na kuondoa watu kwenye nyumba zao. Rais wao alienda mwenyewe kushika koleo. Mwaka 2021 mkataba ukaandikwa upya: ajira 1,454. Walichokuwa nacho wao ambacho ninyi lazima muwe nacho ni kwamba fedha nyingi za jimbo zilikuwa zinalipwa kadiri watu wanavyoajiriwa kweli. Waliolipa mapema kwa ardhi na mabomba ndio waliobaki wanakuna vichwa.

Sasa rudi kwenye zile ekari. Umejiuliza kwa nini anazitaka hizo, wakati manispaa ina mapori? Nenda kasimame pale asubuhi. Kuna transfoma, kuna umeme wa fezi tatu, kuna njia ambayo fuso linapita na mbao za Mafinga bila kukwama. Hivyo vitu vililetwa na hao mafundi. Miaka na miaka wamechangishana nguzo, wamelalamika, wamepanga foleni TANESCO. Mwekezaji anataka kazi yao, ila anaiita "eneo lenye miundombinu".

Na mkiwahamisha, fidia itakuwaje? Kanuni za ardhi za mwaka 2001 zinamtambua mwenye biashara: faida yake halisi ya mwezi inazidishwa mara miezi 36. Maneno matamu sana. Ila faida hiyo inatakiwa ionekane kwenye hesabu zilizokaguliwa, pale inapohitajika, na mthamini huwa anaona inahitajika. Seremala wako ana daftari la kurasa themanini, upande mmoja madeni ya wateja, upande wa pili vipimo vya milango, na katikati kuna namba ya simu ya mchungaji. Mkaguzi gani atasaini hapo? Juu ya hayo, ardhi ni ya halmashauri, yeye ni mpangaji wa mdomo. Ataondoka na gharama ya kubomoa banda, kama ana bahati. Mteja aliyezoea kumkuta chini ya mwembe ule hathaminiwi na mtu yeyote.

Hapo utadhani nawapenda mafundi kuliko haki. Hapana, nawajua. Nimewafuata kwa leseni maisha yangu yote ya kazi. Fundi anachukua advansi ya kitanda, analipia ada ya mtoto, kisha anachukua advansi ya kabati anunue mbao za kitanda. "Njoo kesho, mzee, napiga vanishi." Ukienda kesho, banda limefungwa. Wanafunzi wake wanafanya kazi miaka mitatu bila mkataba wala bima, na mmoja akikatwa kidole na msumeno wa meza, wanachanga nauli ya bodaboda kwenda hospitali. Watu wengi wanaonunua kiti cha plastiki hawakipendi kiti cha plastiki. Wanakinunua kwa kuwa kipo dukani leo, bei imeandikwa, na hakuna mtu wa kuwaambia waje kesho. Halmashauri inayosema "tunalea wadogo" halafu ikawaacha vilevile walivyo miaka ishirini imewatelekeza, haijawalea.

Kuwalea ninakokujua mimi kulitokea mwaka 2016, wakati Rais Magufuli alipoagiza upungufu wa madawati shuleni umalizwe hadi tarehe 30 Juni. Halmashauri niliyokuwapo, ambayo sitaitaja, ilitaka kumpa mzabuni mmoja kazi yote. Ofisa ugavi wetu, mama mmoja mkali, akagoma. Tukaigawa kwa karakana zote za mjini zenye mashine. Mhandisi akachora mchoro mmoja: urefu, upana, unene wa mbao, idadi ya skrubu. Kila karakana ikapewa dawati moja la mfano liwekwe mlangoni. Mbao tulinunua wenyewe kwa pamoja.

Wiki ya kwanza ilikuwa fedheha. Mbao zilikuwa mbichi, paini ya jana, na madawati ya mwanzo yalipokauka yakajikunja, ukikaa upande mmoja mwenzako ananyanyuka. Mkaguzi akawa anazunguka na kifaa kidogo cha kupima unyevu, wakimwita "daktari wa mbao". Akigusa ubao akatikisa kichwa, ubao unarudi kuanikwa. Baada ya hapo mafundi wenyewe wakaanza kuukataa ubao kabla yeye hajafika. Nakwambia, semina ingewachukua mwaka kufundisha jambo hilo. Wengine walitoka kwenye zoezi lile wakanunua mashine ya kuranda ya pili. Wengine waliharibu, wakaondolewa kwenye orodha, na ilibidi waondolewe. Doa lilikuwa letu: halmashauri ilichelewa kulipa, na karakana moja nzuri kabisa ikauza jenereta ili ilipe vijana.

Kwa hiyo silaha yenu kubwa kama halmashauri ni manunuzi. Sheria inataka asilimia 30 ya manunuzi itengewe makundi maalumu: wanawake, vijana, wazee, wenye ulemavu. Mfumo wa zabuni siku hizi ni wa mtandaoni, NeST, na fundi wako hajui hata nywila yake iko wapi. Weka kijana mmoja pale ofisi ya kata, siku moja kwa wiki, awasajili. Madawati, milango ya zahanati, mageti ya shule, vitanda vya mabweni: hesabu kata yako peke yake inanunua nini kwa mwaka, na zinatoka wapi.

Kuna pia ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa wenye ulemavu. Ilisimamishwa mwaka 2023 baada ya madudu mengi kuonekana, ikarudi 2024. Ni fedha nzuri, ila ina tundu: mwanamume wa miaka hamsini na tano, mzima wa viungo, mwenye mashine tatu na vijana saba, hana fungu lake humo. Vijana wake saba wanaweza kukopa waanzishe kikundi, wakaacha kazi kwake, na mwaka ujao mnao vijana saba wenye deni na karakana moja iliyokufa. Nimeliona kwa macho. Mtu wa namna hiyo mkopo wenu haumhusu. Anachohitaji ni mkataba wa pango ulioandikwa, wa miaka kumi na tano, kwenye kiwanja kilichopimwa. Akiwa nao ataenda benki mwenyewe.

Ushauri wangu, usisimame barazani ukasema "napinga". Simama useme mwekezaji anakaribishwa, na kamati ya mipango miji impe ekari arobaini nyingine, kwa pango, lami afadhili mwenyewe na arudishiwe sehemu kwenye ushuru kadiri anavyoajiri. Halafu, kikao hichohicho, taka eneo la mafundi lipimwe na lipewe namba za viwanja. Mgeni akikubali, mji wako una vyote viwili. Akikasirika akaondoka kwa kuwa amenyimwa lile eneo moja, basi alikuwa anatafuta transfoma ya bure. Na mafundi nao wakija kukushukuru na soda, waambie wakati wa kupimwa kuna banda litakatwa, kuna gereji itarudi nyuma mita nne, na mwenye banda mbili atabaki na moja. Hapo ndipo utawajua marafiki.

SWALI

Shikamoo Mzee. Nina mashine moja ya kukamua alizeti hapa Singida. Viwanda vikubwa vya mafuta vinanunua mbegu kwa bei ambayo mimi siwezi, na msimu ukifika mwezi wa kumi mashine yangu inalala. Serikali si ingewazuia wakubwa wasinunue kwa wakulima wadogo?

Mama Alizeti

JIBU

Marahaba mama. Hapana, isiwazuie. Mkulima naye ni mdogo, na bei nzuri ni yake. Ukimzuilia mnunuzi mkubwa, utapata mbegu rahisi msimu mmoja, msimu wa pili mkulima atapanda mtama.

Tena nikuambie, anayekuumiza zaidi huenda humwoni. Sehemu kubwa ya mafuta ya kula nchini inaagizwa, hasa mawese. Ushuru wa mawese ukishushwa, bei ya alizeti inaanguka kwako na kwa huyo mkubwa pamoja. Ukipandishwa, mnapumua pamoja. Siku ya bajeti mwezi wa sita, sikiliza redio na umwombee jirani yako mkubwa, mko jahazi moja.

Wewe acha kushindana kununua mbegu. Kamulia watu. Mkulima anayetaka mafuta ya nyumbani na ya kuuza kijijini alete gunia lake, alipie kwa gunia, au akuachie mashudu badala ya fedha. Kiwanda kikubwa hakiwezi kumhudumia mtu wa magunia matatu. Na mashudu yako ni mali: mashine ndogo huacha mafuta mengi ndani yake, wafugaji wanajua, ndiyo maana wanayagombea. Wengi wenye mashine ndogo nawaona wanahesabu mafuta kama biashara na mashudu kama takataka zenye bahati. Pima mashudu kwa mizani, yaandikie daftari lake, uone mwisho wa msimu kipi kimelipa umeme.

Mafuta unayouza kwenye chupa za maji zilizookotwa, hayo yaache leo. Nenda SIDO ya mkoa, shirika la viwanda vidogo. Shirika hilo lipo tangu 1973 kwa ajili ya watu kama wewe, watakupa barua ya utambulisho kwenda TBS, shirika la viwango, na wajasiriamali wadogo hupata unafuu wa gharama za alama ya ubora. Utazungushwa kidogo. Vumilia, beba na kitu cha kusoma.

SWALI

Habari Mzee. Tunakusoma hata huku Kenya. Kaunti yetu inajenga bustani ya viwanda, ile ambayo serikali ya kitaifa inatoa shilingi milioni 250 na kaunti milioni 250. Gavana anasema italeta wawekezaji wakubwa, MCA wetu, yaani mwakilishi wa wadi kwenye bunge la kaunti, anasema ni ya wakulima na mafundi wa jua kali. Nani mkweli?

Msomaji wa Bonde la Ufa

JIBU

Nzuri, ndugu yangu, karibu. Mkweli ataonekana kwenye ramani ya sakafu. Ombeni mchoro muuone. Kukiwa na maghala mawili matatu makubwa na geti moja la malori, hiyo ni ya gavana. Kukiwa na chumba baridi cha kukodi kwa kreti, mizani ya umma, na vibanda vya mita chache vyenye mita ya umeme ya kila mmoja, hiyo ni ya MCA. Mpango wenyewe, ulioanza 2023, ulitangazwa kwa jina la kukusanya mazao ya wakulima na kuyasindika, kwa hiyo MCA wako ana maandishi upande wake.

Kenya mna mifano miwili isiyohitaji mtu kutoka Morogoro kuja kuieleza. Athi River mna eneo la viwanda vya kuuza nje, sheria yake ya 1990, msamaha wa kodi miaka kumi. Limeajiri maelfu, hasa kushona nguo, na hao si watu wa kubezwa. Lakini nguo zile zimetegemea sana soko la AGOA, mpango wa Marekani wa kupokea bidhaa za Afrika bila ushuru, na hatima ya AGOA inajadiliwa Washington, si Machakos. Kamukunji ya Nairobi, kwa upande mwingine, wanagonga bati tangu zamani: jiko, sanduku la mwanafunzi wa bodingi, toroli, kikaango cha chipsi. Katikati ya miaka ya 1980 Rais Moi alienda kuwaona wakipigwa jua, wakaahidiwa mabanda. Mabanda yakaja. Kilichowachelewesha miaka mingi baada ya hapo ni kujua kiwanja kile ni cha nani.

Kwa hiyo kabla bustani yenu haijafunguliwa kwa utepe, ulizeni kwenye kikao cha ushirikishwaji wa umma mambo haya tu: kibanda kitapangishwa kwa kiasi gani kwa mwezi, mkataba ni wa miaka mingapi, na nani anashika orodha ya wapangaji. Wakisema orodha itatangazwa baadaye, ombeni itangazwe kabla ya kikao hicho kufungwa, na mtu aandike kwenye kumbukumbu kwamba mliomba.